Swali la Kumi na Nne

Mashine ilikuwa imewagomea siku nne nzima ndipo wakakumbuka kumwita Koleo.

Koleo hakuwa mbali. Karakana yake ya mageti ilikuwa upande wa pili wa mji, na kwa miaka mitatu tangu arudi alikuwa akizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya chuo cha ufundi. Akiulizwa, alisema ile ya mkato ina mashimo. Mashimo yalikuwepo, hakudanganya, lakini yalikuwa mawili tu, na kigari chake cha mizigo kilikwishapita penye mabaya zaidi ya hapo.

Aliyempigia simu alikuwa Mama Stoo, yule yule aliyekuwa akimgawia spana miaka kumi na tisa iliyopita, enzi hizo Koleo akiwa msaidizi wa maabara ya vyuma. Alimweleza kwamba mashine ya kuvutia nondo mpaka zikatike imekwama, vijana wamehangaika nayo mpaka wamechoka, wanafunzi wana mtihani wa vitendo kesho kutwa, na hakuna mtu mwingine anayeijua tabia yake. Koleo akauliza mkuu wa maabara siku hizi ni nani.

"Unajua ni nani," Mama Stoo akamjibu. "Njoo saa nane."

Alifika saa nane kasoro robo. Mama Stoo alimtazama kupitia dirisha la stoo, miwani ikining'inia kifuani, akamwambia amekonda, au labda ni shati. Akamsukumia spana moja moja huku akiziandika daftarini. Halafu, kwa sauti ile ile ya kuhesabu vifaa, akasema kuna watu wamekuja kumposa Injinia, huyo mkuu wa maabara. Ni mpima ardhi, mgane, mtu wa heshima zake. Shangazi wa huyo bwana atapita leo saa kumi kwa mama yake Injinia kuchukua jibu, na mpaka asubuhi hii Injinia hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

"Sasa mama, mimi unaniambia ya nini?"

"Wewe nimekwambia spana namba kumi na saba imepotea, utumie hiyo ya kurekebisha. Hayo mengine nilikuwa najisemea."

Koleo akachukua spana zake. Saa ya ukutani nyuma ya Mama Stoo ilionyesha saa nane kasoro dakika tano. Alikuwa na saa mbili na dakika tano.

Maabara haikubadilika. Madirisha yale yale marefu, meza ile ile yenye kovu la tindikali, harufu ya mafuta ya mashine na chaki. Injinia alikuwa ameketi mwisho wa meza na rundo la ripoti za wanafunzi mbele yake. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio, na miwani ilikuwa mpya kwa Koleo. Lakini mikono ya koti ilikuwa imekunjwa mara mbili, sawasawa kulia na kushoto, na hapo Koleo akajua kwamba Milimita ni yule yule.

Jina hilo Koleo ndiye aliyempa. Wenzake wote walipima nondo mara moja wakaandika. Binti huyu alipima mara tatu, juu, katikati na chini, kisha akaomba venia nyingine, kile kipimo cha unene, ili ahakikishe ile ya kwanza haimdanganyi. Koleo akamwita Milimita kwa kumkejeli. Ikaishia kuwa kitu kingine.

"Karibu, Fundi," alisema sasa. Hakusema Koleo.

"Ahsante, Injinia."

Wakaulizana habari za kazi, na kila mmoja akasema za kazi ni nzuri. Baada ya hapo Koleo akalala chali chini ya mashine, na tuseme ukweli, alishukuru kupata pa kuuficha uso wake.

Hitilafu aliijua kabla hajafungua kitu. Sindano ya saa ya mashine ilikuwa hairudi sifuri, maana yake mafuta yanakwama kwenye valvu ya kurudishia. Ugonjwa wa zamani. Aliifungua polepole, akasafisha kwa tambara, na mikono ikifanya kazi inayoijua, kichwa kikaenda kilikotaka.

Koleo aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne. Sababu hazina haja ya kuelezwa, zilikuwa zile zile za watu wengi. Alipoajiriwa pale, kazi yake ilikuwa kufunga nondo kwenye meno ya mashine, kufungua mafuta, na kusoma namba kwa sauti ili wanafunzi waandike. Kwa mwaka mzima alisoma namba asizojua zinakwenda wapi. Mpaka jioni moja Milimita, akiwa mwaka wa pili, alibaki nyuma na daftari la maswali yaliyokwisha kufanywa, hatua kwa hatua, ambalo wanafunzi walirithishana. Akamwona Koleo anachungulia.

Hakumcheka. Alitoa kadi ngumu ya kliniki, maana mama yake alikuwa muuguzi na nyumba yao ilijaa kadi hizo, akafunika nayo ukurasa mzima isipokuwa swali. Akamwambia atateremsha kadi mstari mmoja mmoja, na kabla ya kila mstari Koleo aseme kinachofuata. Nondo ina unene huu, eneo lake ni ngapi? Nguvu ni hii, ukiigawa kwa eneo unapata mkazo gani? Koleo alikuwa na tabia ya kuinua pembe ya kadi aone jibu la mwisho. Milimita alimpiga vidole kwa kalamu.

"Ukiliona jibu kwanza," alimwambia, "kichwa kinatafuta njia ya kulifikia hata kama njia yenyewe ni ya uongo."

Kwa miezi minane walikaa hivyo, saa moja kila jioni. Koleo akajua kwa nini chuma kikivutwa kidogo kinarudi urefu wake, na kikipitishwa kiasi fulani hakirudi tena. Jambo hilo mikono yake ililijua siku nyingi. Alichopewa ni maneno yake. Na mtu akikupa maneno ya kitu ulichokuwa nacho mikononi bila jina, utampenda, upende usipende.

Alitoka chini ya mashine saa tisa na dakika kumi. Milimita alikuwa amejishika kichwa. Alimsogezea ripoti bila kumtazama, akamweleza kwamba wanafunzi thelathini walipewa zoezi wiki iliyopita, mashine ikakwama kabla haijavunja hata nondo moja, na bado ishirini na sita wameandika nguvu iliyovunja nondo yao. Namba moja wote. Sitini na moja.

Koleo alihisi masikio yanapata moto.

"Wameitoa kwenye kijitabu," Milimita akasema. "Maswali Yaliyofanywa, swali la kumi na nne. Wamenakili mpaka tarehe."

Swali la kumi na nne lilikuwa lao. Mwalimu wa wakati ule alitaka maswali mapya yenye vipimo vilivyochukuliwa mle mle maabarani, akamwachia Milimita kazi. Walifunga nondo ya milimita kumi na mbili. Milimita akainama na daftari, ameinua nywele zake na kuzibana kwa kalamu, na Koleo, ambaye kazi yake pekee duniani ilikuwa kutazama sindano, hakuitazama. Nondo ilipokatika alishtuka, sindano ilikuwa imekwisha kuanguka, akataja namba ya kwanza iliyomjia. Milimita akaiandika, akaikokotoa hatua kwa hatua kwa mwandiko wake mzuri, ikachapwa. Vizazi vya mafundi vilikuwa vimesoma nguvu ya chuma kutoka kwa kijana aliyekuwa akitazama shingo ya msichana.

"Tuijaribu mashine," Koleo akasema.

Akafunga nondo, milimita kumi na mbili. Milimita akaipima mara tatu, kisha akaja kusimama upande wa pili wa mashine na kalamu yake. Mafuta yakaanza kupanda. Mashine ile haina haraka, inavuta kama mtu anayefikiri, na sindano ikaanza kupanda taratibu, tano, nane, kumi. Koleo hakuiondolea macho.

"Ile sitini na moja," akasema akiiangalia sindano, "ni ya uongo."

"Najua."

Nusura ageuke.

"Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilivunja nondo arobaini," Milimita akasema. "Hakuna iliyofika hamsini na nne. Nikajua hukuiona sindano."

"Mbona hukurekebisha?"

"Inanisaidia kuwakamata wanaonakili."

"Kwa hiyo ni mtego."

"Mtego ningeubadilisha baada ya mwaka mmoja, Fundi. Nina mitego mingi." Akageuza kalamu vidoleni. "Ulikuwa unatazama wapi?"

"Shingo yako."

Sindano ikafika thelathini na mbili, ikasita. Hapo ndipo chuma huacha kuwa na uwezo wa kurudi. Ikatetemeka pale pale kwa muda, halafu ikaanza tena kupanda.

"La namba nilikusamehe siku nyingi," Milimita akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Lile jingine hukuwahi kunionyesha hata mstari mmoja. Nilikuja jioni kama kawaida, nikaambiwa Koleo kahama. Basi. Nikapewa jibu bila hatua. Sasa nionyeshe, maana saa kumi mama anataka neno langu, na sitaki kutoa neno nikiwa sijui nilikosea wapi."

"Hukukosea popote."

"Hiyo nayo si hatua."

Koleo akamweleza. Alimweleza macho yakiwa kwenye sindano, na labda bila sindano ile asingeweza. Mama yake Milimita alimwita nyumbani siku moja binti akiwa darasani. Hakumtukana. Alimkaribisha kiti, akampa chai kwenye kikombe cha wageni, akamwita mwanangu. Kisha akamuuliza, siku binti yangu akikaa na wenzake wanazungumza mambo yao ya hesabu na vitabu, wewe mwanangu utakaa wapi? Koleo akaweka kikombe chini, akaaga. Alitoka pale akamfikiria kaka yake, fundi seremala, aliyemwoa mwalimu wa shule. Mwanzo walipendana mpaka majirani wakachoka. Mwaka wa sita yule shemeji alikuwa anaona aibu kumtambulisha mumewe, na kaka anakula peke yake sebuleni. Koleo aliyaona yote hayo kwa macho yake. Akaona hakuna haja ya kusubiri miaka sita ili afike mahali anapopajua. Akafunga begi.

Sindano ilikuwa arobaini na mbili.

"Kaka yako alioa mwalimu wa shule," Milimita akasema.

"Ndiyo."

"Kaka yako alikuwa anasoma na mkewe jioni?"

"Kaka? Kaka jioni alikuwa kilabuni."

"Wewe ulikuwa unakunywa?"

"Chai."

"Kaka yako aliwahi kumuuliza mkewe jambo asilolijua, akakaa akafundishwa, akapigwa vidole?"

Koleo akakunja vidole vyake.

"Nyie mna vichwa vya ajabu," Milimita akasema. Akachukua ripoti za juu ya rundo akazibwaga mezani. "Hawa ishirini na sita ni wezi, nitawapa sifuri wote. Lakini angalau wao wamenakili jibu la swali lile lile waliloulizwa. Wewe ulichukua jibu la kaka yako, la nondo nyingine kabisa, ukaliandika kwenye swali langu. Na mimi nikaishi nalo miaka kumi na tisa."

Katikati ya nondo palikuwa pameanza kukonda. Kijishingo kidogo, kama mtu amekibana kwa vidole viwili. Koleo alijua zimebaki sekunde chache, na alijua vilevile kwamba Milimita alikuwa akilia, kwa sababu alivuta pumzi vile alivyokuwa akivuta zamani akifeli zoezi. Kitu chote ndani yake kilitaka kugeuka. Hakugeuka. Alikuwa anaidai nafsi yake namba moja ya kweli.

Nondo ikakatika kwa mlio wa mlango uliobamizwa. Kule stoo Mama Stoo akauliza kwa sauti kama kuna mtu amekufa.

"Hamsini na moja," Koleo akasema.

Milimita akaandika. Ile moja ikatoka imepinda. Akavitoa vipande viwili kwenye meno ya mashine, vya moto bado, akaviweka mezani akaviunganisha pale vilipokatikia ili apime urefu mpya. Vilikaa sawasawa, ila nondo sasa ilikuwa ndefu kuliko mwanzo. Koleo alitaka kusema jambo kuhusu hilo, akaona litakuwa la kijinga.

Ilikuwa saa tisa na nusu imepita.

"Usimpe mpima ardhi jibu," Koleo akasema.

"Nisimpe, au nisimkubalie?"

"Usimkubalie."

"Kwa nini?" Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la koti. "Na usinipe la mwisho tu. Anzia juu."

Koleo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifuta mikono kwa tambara, ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono, akaanzia juu. Akasema kule alikohamia aliishi na mwanamke mzuri wa tabia kwa miaka minne. Yule mwanamke akaondoka mwenyewe, bila ugomvi, akimwambia kuishi na mtu ambaye yupo na hayupo kunachosha. Akasema mageti yake yote anayakokotoa kabla ya kuyachomelea, hakuna mteja aliyewahi kumwomba afanye hivyo, na kila akigawa nguvu kwa eneo kuna mkono unateremsha kadi. Akasema alirudi mji huu akijidanganya ni kwa sababu ya biashara. Akasema habari ya njia ndefu na mashimo.

"Mashimo mangapi?" Milimita akauliza.

"Mawili."

Akacheka. Alicheka na machozi bado yapo, kicheko kifupi cha puani ambacho Koleo alikuwa amekisahau kabisa.

"Mimi sijui nitakaa wapi wakizungumza wenzako," Koleo akasema. "Mama yako alikuwa na haki ya kuuliza. Hata leo sijui. Labda nitakaa hapo hapo, nisielewe, nikuulize mkifika nyumbani."

"Tukifika."

"Ndiyo. Tukifika."

Milimita alivaa miwani. Alimtazama kwa muda mrefu, juu, katikati na chini, kama mtu asiyeamini kipimo cha kwanza.

"Nisikilize," akasema. "Mimi si wa miaka ishirini na miwili. Nakasirika haraka, nina mama wa kumtunza, na kuna siku nitakukumbusha haya mpaka utamani ungebaki huko huko. Leo sikukubali wala sikukatai. Nitamwambia mama mpima ardhi hapana, kwa sababu nilikuwa nataka kumkubali kwa uchovu tu, na yeye ni mtu mwema, hastahili hivyo. Hilo ni la kwangu. Lako utakwenda kulisema mwenyewe, mbele ya mama, na sitakusaidia hata neno."

"Lini?"

"Kwani ni saa ngapi?"

Koleo akaangalia shati lake. Mafuta yalikuwa yamechora kifuani kitu kama ramani. Akasema basi amruhusu apite nyumbani kwake kwanza, dakika ishirini tu, aoge, abadilishe shati, apate hata viatu.

"Mara ya mwisho ulipotoka kwetu kwenda nyumbani kwako," Milimita akasema, "ulichukua miaka kumi na tisa. Hilo shati litakwenda hivyo hivyo."

Simu ikaita. Ilikuwa mama yake. Milimita akaipokea akiwa amesimama, mkono mmoja mezani, na kwa kuwa mama yule alikuwa amezeeka na anazungumza kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, Koleo alisikia kila kitu. Mama akauliza amwambie nini yule shangazi, maana amekwisha kuonekana anashuka njiani na mwavuli wake. Milimita akasema amkaribishe vizuri, ampe chai, amwambie kwa heshima zote kwamba ni hapana, na binti mwenyewe anakuja sasa hivi kumwomba radhi. Mama akaguna. Hakusikika kama ameshangaa.

"Na nakuja na mtu, mama."

"Mtu gani?"

Milimita akamtazama Koleo, mafuta na yote.

"Yule wa mashine."

Koleo akadhani simu imekatika. Alisimama kama siku ile ya kikombe cha wageni, hajui mikono aiweke wapi. Halafu sauti ya mama ikarudi, na safari hii ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekaa na jambo siku nyingi bila kupata wa kumwambia.

"Siku ile nilimuuliza swali," akasema. "Nilidhani atarudi kesho yake na jibu. Nilimwekea chai. Mwambie aje."